Nailoni ya Mbaazi

Kilo mbili za mbaazi zimenipotea wiki moja.
Nilidhani panya. Kumbe Mbeyu, mwanangu,
kazisaga unga, kauloweka kwa maji ya magadi,
kisha kakamulia ndimu
mpaka maji yakakatika kama maziwa yaliyochacha.
"Protini hiyo, Mama," ananambia.
Mimi naona ute tu,
wa kumtia mtu haya mbele ya wageni.

Kauchuja kwa leso yangu kuukuu,
ile iliyofutika jina,
katia gliserini ya duka la dawa,
kaupasha moto polepole, mwiko hautui,
kisha kaumwaga juu ya kioo cha dirisha bovu.
Nyumba ikanuka chakula kisicholiwa.

Utando wa kwanza ulivunjika kama ganda la yai.
Wa pili ukaota ukungu:
Majengo, mwezi wa nne, hata chumvi hulia koponi.
Wa tatu ukabanduka mzima,
rangi ya mkandaa uliopoa.
Ukiuinua kwenye taa
unamwona mtu wa upande wa pili, lakini humjui.

Nikafungia mahamri manne ya Fundi Shebwana.
Hakufika Mwembe Tayari.
Karudi mkono mbele, vidole vimegandana:
"Bi Riziki, mfuko wako umenishika kama mtoto
asiyetaka kwenda chuoni!"

Nilicheka. Mbeyu akalia.
Jioni nikamwita uani.
Mwaka ule wa mafuriko, nikamwambia,
nilizibua mtaro kwa mikono hii.
Nikatoa mfuko wa nailoni, mzima,
na jina la duka bado lasomeka,
duka lililofungwa mimi ningali mwari.
Mwenye duka kafa. Mkewe kafa.
Mfuko upo.
Wewe wako umekufa baada ya robo saa.
Umewahi mno, basi. Ufundishe kungoja.

Tukauzika uliobaki katika chungu cha mrihani.
Siku ya arobaini nikafukua kwa kijiko:
mizizi, nyungunyungu mmoja mnene,
basi.
Hatukusoma hitma.
Mrihani ulikuwa umetoa maua.

Leo kaja tena na bakuli,
safari hii anazungumzia nta ya nyuki,
maji yasipenye upesi.
Nimempimia kilo moja, mizani imesimama sawa,
na nimeiandika kwenye daftari la madeni,
chini ya Shebwana,
ambaye mahamri yale hajayalipa.