Sangara Hakuja

Kile cha zamani kilikuja na ndoto:
sangara mwenye meno ya mama mkwe,
ziwa likipanda ngazi za Mabatini,
nami naamka nashika ukuta
kama mlevi wa gongo.

Jumatatu, Kashinje wa dirisha la dawa
akanisukumia kopo la miezi mitatu.
"Kipya hiki. Kimoja kwa siku. Hata mchana."

Nikakimeza Mwaloni, nimekalia gunia la dagaa,
kwa chai ya rangi.
Mteja akauliza, "Kichwa?"
Nikampimia kilo yake, sikujibu.

Usiku sangara hakuja.
Nililala fofofo
hadi jogoo wa Nyanzobe akawika.
Miaka tisa kitanda kimoja:
hata adui akihama bila kuaga,
asubuhi unapapasa upande wake.