Kitabu cha Mdogo Wake

Nimeinunua Februari, mwezi ambao huku Thunder Bay
hakuna mwenye akili anayenunua pikipiki.
Ndiyo maana bei ilikuwa bei.

Lempi Hakkarainen alifungua banda kwa bega,
theluji imeziba mlango hadi kwenye komeo.
Chini ya turubai: silinda nne, masanduku mawili ubavuni,
kioo cha upepo chenye ufa uliozibwa kwa gundi,
kilomita laki moja na arobaini na sita elfu.
"Marehemu Reijo aliifikisha Labrador," alisema,
"na mara mbili ilirudi juu ya lori."
Nikaupenda ukweli huo kuliko rangi.

Sasa iko kwangu, imevuliwa tangi,
na mezani vitabu vitatu vinabishana.

Cha kwanza ni kile kinachokaa chini ya kiti.
Kinakufundisha kuwasha taa na kufuta vumbi;
penye kazi kinasema, mpelekee wakala.
Wakala alifunga. Pale siku hizi wanauza magodoro.

Cha pili kinadai kujua matoleo sita, miaka kumi na moja,
kama mgeni anayesalimia ukoo mzima harusini
na jina la bibi harusi halijui.
"Kurudishia ni kinyume cha kufungua," kinasema.
Laiti.

Cha tatu ni cha kiwanda chenyewe, kina madoa ya oili,
mchoro wa nyaya umekunjwa mara nne kama ramani.
Hiki ndicho, nikasema. Nikanawa mikono kabla sijakigusa.

Kikasema waya wa stata ni wa manjano, mstari mwekundu.
Nikaufuata kwa tochi: wangu kijani kitupu.
Kikataja kipimo cha bolti za kifuniko cha vali.
Nikakaza, nikisubiri spana inilie "tik."
Haikulia. Ililegea mkononi,
nyuzi za bolti zimeyeyuka kama sukari kwenye chai.

Orest Hrynkiw, muuza vipuri vikuukuu wa Winnipeg,
hakungoja nimalize salamu.
"Usinitajie mwaka ulio kwenye kadi.
Kadi inajua ilipouzwa. Isome shingo."
Nikageuza usukani hadi ukomo,
nikasugua grisi kwa mswaki wangu wa zamani,
namba zikaibuka mojamoja, shingo upande.
Kimya; anapekua. Kisha:
"Yako ilizaliwa mwaka mmoja kabla,
ikakaa dukani baridi nzima bila mchumba.
Kitabu ulicho nacho ni cha mdogo wake."
Dola sitini na tano. Posta mbali.

Nilikifungua cha tatu ili nikifunge kwa hasira,
ndipo nikaiona penseli.
Hati ndogo, ya Kifini, pembeni mwa kurasa,
na neno moja kila mahali, limepigiwa mstari: EI.
Nikampigia Lempi.
"Hapana," akasema. Nikadhani ananikatalia.
"Maana yake hapana. Ndivyo alivyonijibu nikimwita aje kula."

Pembeni mwa waya wa manjano: EI, kisha *vihreä*, kijani.
Pembeni mwa kipimo kilichonilia bolti:
EI, na namba ndogo kuliko ile, mara mbili.
Miaka ishirini na moja mtu huyu aliishi na kitabu kisicho chake,
akakisahihisha kwa ngozi ya vidole.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa;
ila daftari lenyewe likidanganya?

Kipya kimefika Alhamisi ndani ya nailoni.
Waya ni kijani. Kipimo ni kile cha Reijo, karibu kabisa.
Ningeweza kukitupa kile cha madoa.
Badala yake nimechonga penseli.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, shafti ya nyuma,
kiwanda kinasema kaza.
Reijo hakuandika EI. Aliweka alama ya kuuliza,
akaikoleza, akaikoleza tena, hadi karatasi ikatoboka.

Nje bado theluji.
Sijaikaza.