Dakika Tatu

Waheshimiwa, katibu wenu amenipa dakika tatu.
Mama nimemwachia jirani, Bi Ghaniya,
naye goti lake halimruhusu kuinama,
kwa hiyo nitasema upesi.

Nimetoka Mabela saa kumi na mbili unusu.
Barabara yenu ni nzuri. Nilizihesabu taa
kuja Al-Bustan, nikachoka njiani,
nikawaza: kila nguzo ina namba na mtu anayeijua,
ikizimika moja usiku, asubuhi gari la mafundi limefika.

Mama ana miaka themanini na mitatu.
Faili lake lina namba pia.
Muuguzi huja Jumatano moja, huruka ya pili,
hupima presha, hupima sukari, hutia sahihi.
Dakika kumi na moja.
Nimezipima kwa saa ya jikoni, Mungu anisamehe.

Kiarabu mama alijifunza ukubwani,
aliposhuka Maskati na masanduku mawili na mimi tumboni.
Alikisema dukani, hospitalini, kwa mawifi,
miaka hamsini. Sasa kinamtoka
kama rangi ya khanga rahisi, kila ukifua hafifu zaidi,
na chini yake kimebaki kile cha Ng'ambo,
cha uani, cha kukunia nazi.

Mwezi wa Safar alilazwa. Siku nne
akisema, "Kunachonyota, mwanangu, kunachonyota."
Mimi nilikuwa kazini; likizo zangu zilikwisha Muharram.
Nikaja kusoma karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda:
mgonjwa ametulia. Mgonjwa anaimba.

Nikamgeuza.
Donda la mgongoni lingemeza sarafu ya baisa hamsini.

Anaimba!

Sikuja kumshitaki mtu. Muuguzi yule, Lissamma,
ana vitanda kumi na sita zamu moja,
na mama yake mwenyewe yuko Kerala
anatazamwa na jirani, kama wangu leo.
Alilia kuliko mimi. Kesho yake alikuja
amejiandikia kiganjani kwa kalamu ya buluu
maneno niliyomtajia: maji, baridi, geuza,
chonyota.
Bajeti yote ya lugha ya mama yangu
ni kiganja cha mwanamke mmoja,
na huoshwa kila baada ya mgonjwa.

Najua mtakachonijibu. Mtasema wazee ni baraka,
mtasema pepo iko chini ya nyayo za mama.
Kweli tupu. Nyayo zenyewe zimevimba.
Wa kushoto hauingii kiatuni tangu Ramadhani.
Pepo ile yataka bendeji, rial moja na baisa mia mbili,
yataka mtu wa kuiinua kitandani,
maana mgongo wangu nao una miaka hamsini na mmoja.

Mswada uko mbele yenu. Kifungu cha tisa
kinasema wazee watahudumiwa majumbani
"kadiri hali itakavyoruhusu."
Futeni hapo. Hali haijawahi kuruhusu,
na donda haliombi ruhusa.
Andikeni: mara mbili kwa wiki. Andikeni kwa wino
kwamba kila mgonjwa atapata wa kumsikia,
awe Mbalushi, awe wa milima ya Dhofar na Kijibali chake,
awe mama yangu.
Na anayeacha kazi amlee mzazi,
msimwandike "hana kazi."
Njooni usiku wa manane mwone kama hana.

Nina na takwimu, kurasa saba, nimezipiga chapa...

Kengele hiyo ni yangu? Basi.
Neno hilo mama bado analo, la lugha zote mbili.
Hulisema kwenye kijiko cha sita cha uji,
huku amefunga mdomo na kugeukia ukutani,
na hapo hata daktari humwelewa.

Ninachoomba ni aeleweke kabla ya hapo.