Muonja Shira

Zamani alionja mwenyewe:
tone nyuma ya kiganja,
macho juu darini,
kisha "bado," au "ipua."

Sasa ananiita mimi.
Naacha baiskeli ya mtu magurudumu juu
hapo barazani, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
naingia na grisi hadi viwikoni,
na Mwanamkasi ananilisha kwa mwiko
kama mtoto anayeachishwa ziwa.
"Sema."
Nasema tamu.
"Tamu si jibu. Inavuta? Iliki imetoka?
Inakaa ulimini au inakimbia?"

Miaka ishirini na sita nimekula visheti vyake,
sikujua kwamba shira hukimbia.

Jioni naweka karai.
Nimeziba pancha tangu sijabaleghe,
najua tundu dogo halijitangazi.
Naugeuza unyayo wake kwenye taa,
napitisha kitambaa kikavu kati ya vidole,
polepole, maana mguu wa kushoto hauleti habari tena:
mwaka juzi alitoka nao sokoni Mgandini
na kigae cha chupa ndani yake,
hakusikia kitu.
Damu niliiona mimi, kwenye ndara.
"Fundi," ananitania, "upepo unatoka?"
Hautoki. Huu bado mpya.
Si mpya. Tunajua wote wawili.

Na siku za kugombana zipo.
Iddi iliyopita nilimhesabia vipande vya mkate wa kumimina,
kwa sauti, mbele ya wakwe zake.
Akasema, "Niliolewa na mume,
sikuolewa na hospitali ya Bombo."
Nikatoka nje
nikajaza upepo gurudumu lililokwisha kujaa.

Kisha usiku ule wa vuli, umeme umekatika.
Alikuwa na visheti vya harusi ya watu,
sindano alichoma, kula akasahau.
Nikaamshwa na shuka lililolowa.
Anatetemeka, maneno hayashikani,
ananiita kwa jina la kaka yake, marehemu Mbaruku.
Nikamtoboa kidole, ncha ngumu kama msasa,
nikamulika kwa simu:
mbili nukta nne.

Na sukari nilikuwa nimeificha mimi.
Nilimficha vizuri hata nikajificha na mwenyewe:
juu ya kabati? Ndani ya buti la mvua?
Nilipekua nyumba yangu kama mwizi
mpaka mguu ukagonga sufuria jikoni,
shira ya kesho, imefunikwa sahani.

Nikamkalisha, nikamwegemeza kifuani.
Kijiko. Meza, mama.
Kingine. Meza.
Mvua inapiga bati, mimi nahesabu dakika,
nahesabu vijiko, safari hii kwa kuomba viongezeke.

Jasho likakata.
Akafumba mdomo, akaugeuza ulimi
taratibu, kama anayefungua mlango
wa chumba alichokuwa akilala zamani.
Akaniangalia, akanijua.

"Iliki imezidi," akasema.
"Nani kaionja hii?"