Sing'oi

Bwana Kessler, rudisha mazulia yako garini.
Nimeyaona: yamekunjwa kama mikeka ya msibani,
kijani juu, wavu wa plastiki chini,
na kwa bei yake ningenunua friji na jiko, nikarudishiwa chenji.
Mwezi wa nane ulipima ua wangu kwa hatua zako ndefu,
ukatikisa kichwa kama daktari mbele ya jamaa wa mgonjwa.
"Huu ukoka umekwisha," ukasema. "Tung'oe wote, tuanze upya."

Keti hapo ngazini. Nina maneno.

Kipara kile cha mviringo, karibu na bomba,
ni bwawa la plastiki la Loretta, misimu mitatu ya joto.
Mstari ule mwembamba kando ya uzio
ni njia ya Biskuti, mbwa ambaye hajamshika tarishi hata siku moja
wala hajakata tamaa.
Na pale palipo patupu, pagumu kama sahani,
Gerard alisimama na gongo la besiboli
mpaka akaota ndevu.
Si ugonjwa, bwana. Ni kukanyagwa.
Na aliyekanyagwa hazikwi.

Usipoziba ufa, wanasema. Mimi ufa niliuona
nikaupita miaka kumi na mmoja,
usiku zamu kiwanda cha vioo, mchana usingizi.
Kosa ni langu, si la nyasi.

Basi Septemba, joto lilipolegea,
nilizikata fupi, fupi kuliko adabu.
Nikashika reki, nikachana:
yakatoka makapi rangi ya ugoro, magunia manne,
wafu waliolala juu ya walio hai
wakiwanyima maji.
Mkono wa kulia ukagoma siku mbili.

Orville Tackett, jirani, akaja na uma wake wa kulimia.
Tukachoma ardhi shimo kwa shimo,
yeye akihesabu kwa sauti, akipotea kwenye mia mbili,
akianza tena moja.
Udongo wa Toledo ni mfinyanzi; ukichomoa uma
hulia kama buti linalotoka topeni.
Mimi nilisikia ukivuta pumzi.
Cheka tu.

Mboji niliichekecha kwa wavu wa dirisha bovu.
Mbegu nilizimwaga mara mbili: kwanza nikielekea barabarani,
kisha nikikata msalaba, kuelekea uzio.
Kwa ncha za vidole, si kwa konzi;
zikisongamana hugombana
kama ndugu wa kitanda kimoja.
Nikazikanyaga kwa soksi. Ndiyo, soksi,
Bi Wozniak wa ng'ambo ya pili akichungulia pazia.
Kisha maji, asubuhi na jioni, manyunyu,
ya kulowesha ulimi, si ya kuoga.

Siku ya nne, hakuna.
Siku ya saba, shomoro, ishirini hivi, wakila pesa zangu.
Siku ya tisa nilishika simu, bwana, nikupigie;
kadi yako ilikuwa mezani, chini ya kikombe.
Sikumbuki kwa nini niliiweka chini. Labda birika liliita.

Siku ya kumi na moja nikatoka na nguo ya kulalia,
nikapiga magoti, shavu nikalilaza ardhini.
Ukitazama kwa kusimama, hakuna kitu.
Ukitazama kwa shavu, kuna malaika,
yale malaika ya mkononi mwa mtoto mchanga,
kila kimoja na tone lake.

Hazifanani, najua. Mpya ni kijani cha ndimu,
za zamani kijani cha chupa. Kiraka kinaonekana.
Kwani nimesema nataka kisionekane?

Haya, umeinuka. Kadi yako hii hapa, ina duara la kahawa.
Ila usikate katikati kama ulivyozoea.
Zungukia kule, kando ya uzio.
Ile njia sikuipanda kitu:
tarishi hupita saa nne, na mwenye njia
ameshaanza kunyoosha miguu.