Kichupa Kimeshafunguliwa

Saa nane na dakika kumi nilitoboa kifuniko,
nikaandika saa hiyo kwa wino mwekundu ubavuni mwa kichupa.
Dozi sita. Saa sita za uhai.
Baada ya hapo amri ni moja: mwaga.

Ukumbi ni wa shule. Ramani ya mito ya Romania
bado imening'inia; madawati tumeyasukuma ukutani.
Nje theluji ya Machi inayeyuka kwa uvivu,
na mbwa wa kasisi amelala mlangoni
kana kwamba yeye ndiye foleni.

Alikuja Gavril wa trekta, akavua koti kabla ya salamu:
"Choma upesi, mama watoto asijue."
Akaja mwalimu Ruxandra, akafumba macho,
akahesabu kwa Kifaransa.
Zikabaki nne.

Huku maneno yana miguu kuliko gari letu.
Kwamba chanjo imepikwa upesi mno, kama uji wa mgeni wa ghafla.
Kwamba binti ya fulani kule mjini alichomwa Jumatatu, hedhi ikakata.
Kwamba mwenye dawa ndiye mwenye ugonjwa,
anakula huku na huku kama panya wa ghala mbili.
Hilo la mwisho nililicheka.
La kwanza sikulicheka,
maana hata mimi nililiuliza, usiku,
nikiutazama mkono wangu mwenyewe.

Saa kumi na moja nilivaa mabuti nikavuka daraja
hadi kwa Paraschiva, miaka themanini na mmoja,
ambaye mapafu yake yanapiga mluzi
tangu alipokuwa akichambua mawe mgodini.
Alinipa kiti karibu na jiko la kuni.
Jibu hakunipa.

"Mwaka wa lile wingu," akasema, "redio ilituambia ni mvua tu.
Tukatoka na watoto kupunga bendera,
mvua yenyewe laini kama unga.
Vidonge vilikuja baadaye, baadaye sana,
na aliyevileta alivaa koti jeupe kama lako.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Mimi, mwanangu, niliumwa na redio."

Nilikuwa na karatasi ya wizara, majibu yamepangwa kwa rangi tatu.
Ilibaki mfukoni.
Nikamwambia ninayoyajua:
mkono utauma, huenda ukapata homa siku mbili;
na katika kumi na wanne tuliowapeleka kwenye oksijeni tangu Krismasi,
watano ndio waliorudi wakitembea.
"Na baada ya miaka kumi, hii itanifanya nini?"
Sijui.
"Wakubwa wako wanajua?"
Hawajui. Hakuna aliyekwisha kuishi nayo miaka kumi.
"Miaka kumi," akasema. "Ningeipata wapi hata hivyo."

Akanitazama kama mtu anayegeuza noti kwenye mwanga.
"Wewe ulichomwa?"
Ndiyo.
"Uliogopa?"
Nililala na viatu, nikasema, tayari kukimbilia hospitali.
Alicheka mpaka kikohozi kikamshika,
akanifukuza kwa mkono: nenda, nenda, kuna giza.

Hakuja mwingine.
Nilifagia. Nikasoma majina ya mito.
Saa mbili kamili mbwa aliinuka, akampisha mtu:
kitambaa cha kanisani kichwani, matope mpaka magotini.
Hakuketi. Alikiomba kwanza kile kichupa,
akakisogeza karibu na taa.
"Saa hii nyekundu umeiandika wewe?"
Mimi.
"Na ikipita unamwaga kweli? Hata kama hakuna anayekuona?"
Namwaga.

Akatazama saa ya ukutani.
Dakika nne.
Akaanza kufungua vifungo vya sweta, vilikuwa vinane,
vidole vimekakamaa kwa baridi.
Kwenye cha tatu akasimama.

Sikumsaidia.
Niliweka mikono yangu mezani, aione,
nikangoja.