Fulana za Ukoo

Fulana zilifika Ijumaa usiku kwa basi la Masasi,
mia na arobaini, ndani ya viroba viwili vya pumba,
za njano, maana njano ndiyo iliyokuwa na bei.
Kifuani: UKOO WA SILAUMU.
Mgongoni: MIAKA SABINI KAMBI YA PILI.
Mimi ndiye mweka hazina. Nilizihesabu mara mbili,
nikapata mia na thelathini na tisa,
nikanyamaza, nikaitoa yangu.

Kila Agosti, vumbi la mkonge likifika kwenye kope,
tunasherehekea kuvuka.
Watoto wa hapa hapa Lindi,
wanaoujua Ruvuma kwa ramani ya darasani,
hupangwa mistari kama gwaride
wakaamkia kwa lugha ya babu,
na Verediana, mwalimu wa hesabu,
huwasahihisha kwa kidole.
Lipiko la mwaka huu kalichonga fundi makochi.
Lina masharubu, linafanana na diwani,
na diwani peke yake ndiye hajaliona hilo.

Ofisi ya kata, chini ya kioo
kilichong'olewa kwenye kabati la vyombo,
tumekilaza kipande cha babu:
siku thelathini, visanduku thelathini,
ishirini na sita vina alama ya wino.
Vinne vitupu.
Hajulikani kama aliumwa, alifiwa, au alikataa.
Sisi husema alikataa.

Na husema hivi pia:
karani aliuliza jina, babu akajibu,
kalamu ikaandika Silaumu,
na tangu siku hiyo ukoo wetu haumlaumu mtu.
Tumeifanya wasia.
Bibi harusi akiingia huambiwa mlangoni:
umeolewa kwa Silaumu, mwanangu, meza.
Wadaiwa wetu wanaipenda sana hadithi hii.

Mwaka huu akaja mgeni, Atanasio,
kavukia Kilambo na begi la magurudumu,
binamu wa kizazi tulichoshindwa kukihesabu,
Kiswahili chake kimelala upande, kimeegemea Kireno.
Nikampa fulana. Akaisoma polepole,
akaigeuza ndani nje kama anayetafuta lebo,
akauliza: Silaumu ndiye nani?

Babu, nikasema.

Babu aliitwa Shilambo.
Wote kule ni akina Shilambo.
Maana yake nchi.

Spika zilikuwa zinajaribiwa: moja, mbili. Moja, mbili.

Yaani mtu alisimama mbele ya meza, jua la utosi,
miguuni ana siku tisa za njia,
akaulizwa jina, akataja nchi,
na karani, huenda alikuwa na njaa tu,
akasikia msamaha.

Sikumwambia mtu hadi wali ulipoisha.
Mjomba Bonifasi akauliza, tuchape nyingine?
Nikafungua daftari: shilingi elfu kumi na moja,
na turubai hatujalilipia.
Wengine wakasema jina ni jina,
vyeti vya shule je, viwanja je,
na marehemu wote wale, nani atarudi kuwaandika upya?

Ndipo mama mkubwa Yustina akaliweka sufuria chini.
Yeye ni wa kuolewa.
Miaka arobaini, alisema, na sauti haikuwa kubwa,
miaka arobaini nimemeza
kwa kosa la karani?
Akamgeukia mumewe, mbele ya diwani, mbele ya lipiko,
akaanza kulaumu, tangu mwanzo, kwa utaratibu:
mwaka wa themanini na nne, mbuzi wa mahari ya mdogo wake,
mwaka wa themanini na tano, ile safari ya Nachingwea.

Ngoma ikaanza, kwa kuwa ilikuwa imeshalipiwa.
Atanasio hakuijua.
Kwao, alisema, walioijua walikwisha wakati wa vita;
akasimama na fulana yake ya njano, mikono haina pa kwenda,
mpaka Verediana akamshika kiwiko:
huu kwanza, sasa huu, usiangalie chini.

Na vumbi lilipotua, jikoni kule,
Yustina alikuwa ndiyo kwanza amefika tisini na moja.